Nyumba Themanini na Tatu

Mguu wa kulia wa shangazi yangu ulipokataa kabisa kukanyaga, ndipo nilipoingia katika kazi yake. Alikuwa mwalishi wa Malindi, yaani mwanamke anayetumwa na wenye harusi kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake kwa mdomo. Siku zile, miaka michache kabla ya vita vya Waingereza na Wajerumani, mwanamke wa mjini hakualikwa kwa karatasi. Aliyemtumia mwenzake karatasi angeonekana kama anamwita shaurini. Ilibidi aende mtu, apige hodi, akaribishwe, akae kitako, apewe tambuu, aulize hali za watoto, ndipo aseme: "Nimetumwa na mama wa bibi harusi. Anakusalimu sana, na anakuomba ufike Alhamisi, wewe na wote wa nyumbani mwako."

Mimi nilikuwa na miaka kama ishirini na mitano. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa shangazi na sanduku langu moja, na nilidhani kazi ile ni ya miguu tu. Miguu ninayo, nikajiambia, kwa hivyo kazi naiweza.

Mara ya kwanza nilitumwa kualika maulidi, nyumba kumi na mbili. Kwa ujanja wangu nilifunga mafundo kumi na mawili kwenye ncha ya leso, na kila nilipotoka nyumba moja nilifungua fundo moja. Nyumba nane zilikwenda vizuri. Kwenye fundo la tisa nilisimama katikati ya kichochoro nimelishika kwa vidole, na sikujua ni la nani. Nililiangalia, nikaligeuza, nikalinusa, hakunijia mtu. Nikarudi nyumbani.

Shangazi alikuwa kitandani anasugua goti kwa mafuta ya mbono. Nilipomweleza hakunikaripia. Alisema, "Fundo linakumbuka kwamba kuna neno. Halikumbuki ni neno gani." Kisha akanitajia zile nyumba kumi na mbili, yeye aliyezisikia mara moja tu akiwa amelala chumba cha pili, na akanituma tena. Jioni ile alianza kunifundisha.

Hakujua kusoma wala kuandika. Alichonifundisha kilikuwa nyumba yake mwenyewe. Alinisimamisha kwenye baraza ya nje akaniambia nifumbe macho na nimweleze kila kitu kuanzia hapo mpaka chumba cha ndani, kwa mpango, bila kuruka: baraza, kizingiti, komeo la mlango, msumari wa kutundika kapu, mtungi wa maji ya kunywa, ngazi, kisha uani, kisima, kinu, mafiga matatu, kichanja cha vyombo, halafu kurudi ndani, sanduku, kitanda, boriti moja moja, na kibago kile kifupi cha miguu mitatu alichokalia akiswali baada ya mguu kuharibika. Tulifanya hivyo siku nne. Nilipoweza kuipita nyumba nzima kwa mawazo, kwenda na kurudi, alisema, "Sasa wakaribishe watu wakae. Kila mmoja mahali pake, na kila mmoja akiwa na jambo lisilo la kawaida, maana mtu akikaa kama anavyokaa siku zote, jicho linampita."

Basi nikawaweka. Mke wa Mbohora muuza nguo, mwanamke mnene mwenye bangili mpaka kwenye viwiko, nilimkalisha ndani ya kinu. Mama yake kadhi nilimpandisha juu ya kichanja, anakula maandazi. Mke wa sonara wa Kihindi nilimtundika kwenye msumari wa kapu, na pete zake za masikio zinalia. Nilipomwambia shangazi haya niliona haya mwenyewe.

"Shangazi, hii si adabu."

"Adabu ni ya mdomo," akasema. "Kichwani mwako hakuna mgeni anayepiga hodi. Ila chooni usimweke mtu. Siku moja neno litakuponyoka."

Alikuwa na njia nyingine pia, kwa watu wa kichochoro kimoja. Alichukua mwanzo wa kila jina au kazi, akaunganisha mpaka neno likatokea. Mtaa wa nyuma ya msikiti ulikuwa na nyumba nne: ya maalimu, ya nahodha, ya muuza nazi, na ya bibi mmoja mshoni tuliyemwita bibi sindano. Ma, na, na, si. Mananasi. Nikamuuliza nitajuaje ni nani wa kwanza kati ya zile *na* mbili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Nahodha atakubali kukaa nyuma ya nazi?"

Mwaka haukwisha nikawa mwalishi wa kweli. Nasema bila kujisifu, maana ni watu walionisifu, si mimi. Sikuacha nyumba, sikuchanganya ujumbe. Majibu nayo niliyarudisha yote: nani atakuja, nani yuko edani, nani ana mgonjwa, nani amesema atakuja kwa sauti ya mtu asiyekuja. Mara moja tu nilikaribia kuaibika. Nilikaa mbele ya mke wa yule Mbohora nikamwona ghafla ndani ya kinu chetu, na kicheko kikanipanda mpaka puani.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Nimefurahi kukuona, bibi," nikamjibu, na haukuwa uongo.

Jambo moja zaidi shangazi alinifundisha, na hili ndilo lililonifikisha kwenye kisa ninachotaka kukieleza. Alisema anayekutajia orodha hutaja kwa mdomo na kwa kunyamaza. "Akisimama katikati, kusimama kwake ni neno. Liweke nalo mahali, kama mtu." Sikuelewa faida yake. Lakini nilikuwa nimezoea kumtii, nikawa naweka.

*

Harusi yenyewe ilikuwa ya nyumba kubwa ya mtaa wetu. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshafariki. Mama yake aliniita asubuhi moja, siku kumi na mbili kabla ya Alhamisi ya harusi. Nilimkuta uani, juu ya mkeka, anachagua mchele kwenye uteo. Pembeni yake alikaa mama mkwe wake, bibi mzaa baba wa bibi harusi, mzee sana, ameegemea ukuta na tasbihi mkononi, macho kayafumba.

Nilimwamkia mzee kwanza. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mguu wa shangazi yako?"

"Haujambo kidogo."

Mama wa bibi harusi alianza kutaja. Alitaja kwa mpango mzuri: kwanza wa kuja kumtazama bibi harusi siku ya kutolewa nje, ambao niliwaweka barazani, mlangoni na kwenye ngazi, kisha wa kupika na kula, hao niliwapeleka uani, kisimani na jikoni, mwisho wale wa ndani hasa, jamaa wa kuja tangu siku ya kwanza na kulala. Hao niliwaingiza chumbani. Alitaja taratibu huku vidole vyake vikitoa mawe kwenye mchele. Alipofika kwa jamaa wa marehemu mumewe, akamtaja wifi yake wa Mambrui, na mimi nikamlaza wifi juu ya boriti ya mwisho, vidole vyake vilisimama. Akaagiza maji. Akaletewa kwa kata, akanywa, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, kisha akasema, "Basi. Ni hao."

Kilikuwa kimebaki kibago. Nikaiweka kata ile ya maji juu yake, nikaaga.

Nilizunguka siku tano. Mjini mwote, kisha Mambrui kwa punda na mtumbwi wa kuvuka Sabaki, na nikarudisha majibu. Nikajua kazi imekwisha.

Jumamosi, siku tano kabla ya harusi, nilikuwa uani kwetu naanika nguo. Mwanamke mmoja akabisha hodi. Alikuwa Mgiriama, mtu wa makamo, amevaa hando, ile sketi ya marinda ya kwao, na vumbi la njia limempanda mpaka magotini. Alikuwa ametoka Matsangoni, akalala njiani Gede kwa jamaa zake. Nikamkaribisha, nikampa maji na viazi vya kuchemsha. Alipokwisha kula, alifungua ncha ya nguo yake akatoa mbegu tatu, akazipanga juu ya mkeka: punje ya mahindi, kunde, na mbegu ya mbono.

"Hii mahindi ni salamu," akasema. "Jirani yangu anakusalimu. Hii kunde ni swali. Hii mbono ni jibu lako, nitarudi nayo."

"Jirani yako ni nani?"

Akaniambia. Alikuwa mke wa pili wa marehemu yule, baba wa bibi harusi. Nilimfahamu, mji mzima ulimfahamu. Mama wa bibi harusi alipougua miaka mingi nyuma, akawa hawezi hata kujiinua, huyu mke mwenza ndiye aliyemlea mtoto, tangu ana miaka mitatu mpaka tisa. Baadaye mume alimwacha kwa sababu wazijuazo wenyewe, naye akarudi kwa jamaa zake Matsangoni, akawa analima. Mtoto aliendelea kumwita mama mdogo.

"Swali ni hili," akasema yule Mgiriama, na kidole chake kikagusa kunde. "Bibi harusi alisikia mama mdogo hakualikwa, akamwuliza mama yake. Mama akamwambia, mwalishi amemsahau. Mtoto akatuma muuza nazi mpaka kwetu kumwomba msamaha. Jirani yangu anauliza wewe mwenyewe: nilisahauliwa, au niliachwa?"

Nilihisi uso unawaka. Sikuwa nimejua kwamba kuna mtu mjini anayesema nimesahau. Kwa mwalishi, neno hilo ni kama kumwambia mpishi kwamba watu wameumwa na tumbo. Nikataka kusema palepale, aliachwa. Nilikuwa na haki ya kusema. Lakini nilijua pia neno hilo likitoka kwangu, likapanda mpaka Matsangoni, likashuka tena Malindi, harusi itakuwa ya ugomvi, na atakayeumia ni msichana aliyekaa ndani na sandali ya kujipaka.

"Mwambie sikusahau," nikasema.

"Basi aliachwa."

"Mimi nimesema sikusahau. Hilo ndilo langu. Nipe mpaka kesho adhuhuri, nitaijaza mbono yako."

Akaniangalia kwa makini, kisha akazikusanya mbegu zake mbili, ile ya mbono akaiacha mkekani. "Nitalala hapa hapa," akasema.

Shangazi alisikia yote kutoka chumbani. Nilipoingia aliniambia neno moja tu: "Usiende na hasira. Nenda na orodha."

*

Jumapili asubuhi nikaenda. Nilimkuta mama wa bibi harusi uani kama mara ya kwanza, safari hii anapanga vikombe, na bibi mzee palepale ukutani na tasbihi yake. Nikaamkia, nikakaa.

"Bibi," nikasema, "nimesikia nimesahau nyumba."

Mikono yake haikusimama. "Watu wengi, mwanangu. Hata mimi ningesahau. Hakuna aliyekulaumu."

"Ningependa nikutajie ulizonipa. Kama kuna niliyoiacha, utaniambia ni ipi."

"Kutaja zote? Hatuna siku mbili."

"Hazichukui muda," nikasema.

Bibi mzee akafumbua macho. "Mwache ataje," akasema. "Mimi nitahesabu." Akarudisha tasbihi kwenye ushanga wa mwanzo.

Nikafumba macho, nikasimama kwenye baraza ya shangazi. Nilimtaja wa kwanza, nikasikia ushanga unateremka. Nikapita kizingiti, komeo, msumari. Sikusema neno la bangili wala la kinu, nilitaja watu tu, kwa heshima zao, mmoja mmoja, kwa mpango ule ule aliowataja yeye. Nilipofika mananasi nilikwenda haraka kidogo. Nilishuka uani, nikazunguka kisima, nikapita jikoni. Vikombe vilikuwa vimenyamaza. Nilisikia ushanga tu, na kuku. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Ni jambo la ajabu, lakini sijapata kuwa na utulivu kama ule, kabla yake wala baadaye. Nilikuwa kama mtu anayetembea nyumbani kwake mchana, hajali hata kuangalia anapokanyaga. Niliingia chumbani. Sanduku, kitanda, boriti. "Na wifi yako wa Mambrui," nikasema. "Ni wa themanini na tatu."

"Themanini na tatu," akasema bibi mzee. "Shanga kumi na sita zimebaki."

Nikafumbua macho. Mama wa bibi harusi ananitazama.

"Baada ya wifi ulinyamaza," nikasema. "Ulikuwa unachagua mchele. Ukaagiza maji, ukanywa kwa kata, ukafuta mdomo. Kisha ukasema, basi, ni hao. Maji yale nayo nimeyaweka, bibi, maana nimefunzwa hivyo. Yako juu ya kibago, chumbani, karibu na kitanda. Mahali pa mtu wa ndani."

Nilidhani atanifukuza. Bibi mzee ndiye aliyesema, na alisema pole pole, bila ukali.

"Hata mimi nayakumbuka yale maji. Nilijua ulikuwa unameza jina la nani."

Mama wa bibi harusi alikishika kikombe, akakifuta kwa leso ingawa kilikuwa kisafi. Alipoanza kusema hakunitazama mimi wala mkwewe.

"Nilipougua nilikuwa nalala chumba cha nyuma," akasema. "Nilikuwa nasikia mtoto akianguka uani. Akilia alikuwa anaita mama, na ninajua hakuwa ananiita mimi. Miaka sita. Nilipopona nikatoka nje, akajificha nyuma ya yule mke mwenzangu. Alhamisi atatolewa mbele ya mji mzima. Nilitaka siku moja tu kuwe na mama mmoja."

Nilikuwa nimekuja kujitetea, na sasa utetezi wangu niliuona mdogo. Bibi mzee alisogea, akamwekea mkono begani.

"Na mtoto anamtaka?" akauliza.

"Anamtaka. Amelia juzi."

Akakiweka kikombe chini, akanigeukia. "Matsangoni ni mbali. Utawahi?"

"Nikiondoka kesho alfajiri, nitarudi naye Jumanne."

"Nikimweka jikoni au mlangoni, watu watajua nilimwacha," akasema, kama anajisemea. Kisha akasema, "Mweke kwenye hicho kibago chako."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote jinsi shangazi alivyonifundisha, lakini yeye alikuwa ameshaielewa njia ile.

*

Tulitoka alfajiri, mimi juu ya punda wa kukodi, na yule Mgiriama kwa miguu, maana alikataa kupanda. Alisema punda ana nia mbaya na watu wanaomwamini. Tulipita Gede, tukaiacha Mida kushoto, na jua lilipopanda nami nikashuka, tukatembea wawili tukimvuta.

Tulibishana njia nzima. Nilimwuliza kwa nini mbegu, ikiwa mbegu hazisemi. Akaniambia zake zinasema, kwa sababu kabla ya kutoka nyumbani huiweka kila mbegu mdomoni na kulisema neno lake mara saba huku mbegu iko ulimini. Baadaye akiishika kwa kidole, ulimi wenyewe unakumbuka. Nikamweleza mafundo yangu ya leso na jinsi yalivyonitupa kichochoroni. Akacheka mpaka akasimama.

"Ulifunga na nini?" akauliza.

"Vidole."

"Na mdomo ulikuwa wapi?"

Nilipomweleza habari ya nyumba ya shangazi, hakuamini. Ikabidi anijaribu. Akanitajia miji yote ya jamaa zake mpaka bara, na wakuu wa kila mji, mambo ya Kigiriama matupu ambayo ulimi wangu uliyashika kwa shida. Nilimrudishia ishirini na sita kwa mpango. Kwenye wa ishirini na saba nilikosea sauti moja, na akasahihisha kwa furaha kubwa. Nami nikaijaribu njia yake: niliweka punje ya mahindi mdomoni, nikalisema neno la mama wa bibi harusi mara saba. Mpaka leo nikitafuna mahindi ya kuchoma neno lile huja lenyewe, hata nisipolitaka.

Tulifika Matsangoni jua limeinama. Mama mdogo wa bibi harusi alikuwa shambani kwake, anapalilia mihogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na nywele zimeingia mvi mbele tu. Alituona kwa mbali, lakini aliumaliza mstari wake kwanza, ndipo akaliweka jembe chini.

Hatukuambiana mengi kabla ya kukaa. Nilitaka nitende kama ipasavyo. Nilikaribishwa, nikakaa kitako, nikanywa, nikauliza hali ya mihogo na ya wazee. Kisha nikasema, "Nimetumwa na mama wa bibi harusi. Anakusalimu sana. Anakuomba ufike, si Alhamisi, uje sasa, ulale, uwe ndani pamoja na watu wa nyumbani."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niliuliza swali."

Jirani yake aliangalia pembeni. Nilikuwa nimelifikiria swali lile tangu Gede, na nilikuwa nimepata jibu ambalo lilikuwa kweli tupu, wala halikumvunjia mtu nyumba.

"Hakuna aliyekusahau, bibi," nikasema. "Wala mimi, wala yeye."

Alilitafakari. Nikamwona anavyolielewa, upande mmoja kisha upande wa pili. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kitu alichokijua uzito wake tangu zamani, akainuka kwenda kutoa nguo sandukuni.

"Alikuwa ananisikia, unajua," akasema akiwa ndani, na sikumwona uso. "Nilipokuwa namwimbia mtoto. Nilikuwa napunguza sauti, asisikie. Labda ningemletea mtoto mlangoni. Sikuwa na akili hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Jumanne tuliingia Malindi. Mama wa bibi harusi alikuja mpaka kizingitini kumpokea. Waliamkiana kwa maneno yote ya kuamkiana, wakaulizana hali kwa urefu ambao sijapata kuusikia. Siku ile na ya pili yake walikaa mkeka mmoja kama watu wasiojuana. Jumatano jioni wakagombana juu ya chumvi ya pilau, kwa sauti, mbele ya wapishi, na baada ya hapo wakawa wanazungumza.

Alhamisi msichana alitolewa. Mama yake alikuwa amehofia kwamba mji utaona atamkumbatia nani kwanza. Lakini bibi harusi wa kwetu hukaa amefumba macho, kapambwa, hageuki, hatabasamu, mpaka wote waliokuja kumtazama washibe. Hakumkumbatia mtu. Nilimwangalia mama yake wakati huo, nikaona amelikumbuka hilo kwa mara ya kwanza, maskini, na mabega yake yakashuka.

Hakuwahi kusema mbele ya watu kwamba sikusahau. Sikumdai. Lakini mwezi uliofuata aliniita kwa akika ya mjukuu wa dada yake, na akanitajia nyumba arubaini moja kwa moja bila kuvuta pumzi wala kunywa maji. Mke wa Mbohora naye akaanza kunituma, kisha mke wa sonara wa Kihindi alinitaka kwa harusi ya bintiye, kazi ambayo ilinibidi nijifunze majina mapya kabisa na namna ya kuvua viatu mahali pasipokuwa petu.

Aliyenishangaza ni bibi harusi mwenyewe. Alikuja kwangu kabla siku arubaini hazijatimia, amejitanda vizuri, akaniambia jamaa za mumewe ni wengi, mashangazi peke yao ni saba, na juzi amemwita mmoja kwa jina la mwenziwe, na mama mkwe amekunja uso. Akataka nimfundishe. Nilimwambia atumie nyumba aliyoolewa, aipite kwa mawazo kuanzia mlangoni, na amweke kila mtu mahali akiwa na jambo lisilo la kawaida. Alijifunza kwa michana miwili. Alikuwa na akili nyepesi kuliko yangu. Mchana wa tatu alirudi akanitajia wote thelathini na wanane, na kila alipofika kwa mama mkwe alikuwa anaziba mdomo kwa ncha ya shela. Nilimwuliza amemweka wapi. Hakuniambia, ingawa nilimwuliza mara nyingi miaka yote tuliyoishi jirani.